Sisi wafupi hatuna nafasi ya hamri la tatu

Juzi nlikuwa nimekaa barazani na wifi yangu, amekuja kututembelea kutoka Malindi, tunakunywa chai ya maziwa na katikati yetu sahani ya mahamri na mbaazi za nazi. Yeye akala matatu, akaongeza la nne, akafuta mikono, bas. Mimi nlikula moja. Akanambia, "Wifi wajitesa bure, mbona mimi nala na sinenepi?" Sikumjibu pale pale kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa mbaazi lakini jibu ninalo, na wengi wa umri wangu na kimo changu wanaulizwa swali hilo hilo wakabaki wanajiona wao ndo wenye kasoro.

Wifi yangu ana sentimita 172. Mimi nina 149, tena nikijinyoosha. Yeye ana miaka 45 na kilo 70, mimi 64 na kilo 52. Binti yangu akatupigia hesabu sote wawili kwenye simu, ile hesabu ya Mifflin ya mwaka 1990 ambayo watu wa lishe wanaitumia sana, yataka uzito, urefu, umri na kama we ni mwanamke au mwanamume. Ikatoka kwamba mwili wangu ukilala tu kitandani kutwa kucha unatumia kama kalori 970, wa wifi karibu 1,390. Yaani wifi kabla hajainua hata mguu ashanizidi kalori 400 na kitu, hizo ndo mahamri yake mawili na nusu mwenzangu. Hana siri yoyote, ni mrefu tu, na bado hajafika huku tuliko sisi.

Nikiongeza kutembea kwangu na kazi za nyumba nafika 1,300 hivi kwa siku nzima, na hayo ni makadirio, mwili wa mtu si mashine. Pakiti za biskuti zimeandikwa hesabu ya kalori 2,000 kwa siku. Hio si yangu hata kidogo, mimi nikila 2,000 kila siku nitarudi nlikotoka kabla mwaka haujaisha.

Nlikotoka ni kilo 63. Hedhi ilikatika nikiwa na miaka 51 na baada ya hapo mwili ukahamia tumboni, mikono ikabaki myembamba tumbo likawa la mtu mwengine. Na sisi na madera yetu na mabuibui, nguo haikwambii kitu, dera linakumeza kilo 10 wala halilalamiki. Nlikuja kujua siku moja pale jeti, maji yametoka, boti iko chini kabisa, ikabidi kijana anishike mikono miwili na mwengine anisukume kwa nyuma mbele ya watu. Nlicheka nao, lakini nyumbani nlilia. Halafu daktari akanambia presha inapanda na sukari iko mpakani. Nlichukua mwaka mmoja na nusu kushuka mpaka 52, na sasa ni mwaka wa nne nimebaki hapo hapo, kwa kupanda na kushuka.

Kushuka watu wanakupongeza. Kubaki hakuna anayekupongeza, na ndio kazi yenyewe.

Kwanza niseme ujinga nlioufanya. Ramadhan ya kwanza baada ya kupungua nlipanda kilo tatu, si unajua futari zetu, kaimati, sambusa, viazi karai, uji wa tamu, tambi, ndizi za nazi, na daku juu yake. Nikaingia hofu. Jirani akaniletea sanamaki, yale majani ya kuharisha, nichemshe ninywe usiku, nikanywa siku tano. Mizani ikashuka kilo mbili nikafurahi kama mtoto siku ya Idi, lakini miguu ilikuwa yanikaza usiku na siku ya tano nlishikwa na kizunguzungu ngazini nikakaa kwenye kidato mpaka mjukuu akanikuta. Siku tatu baadaye kilo zote mbili zilikuwa zimerudi. Kumbe sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko mwili ushachukua kalori zake zamani, unachotoa ni maji na choo tu, na mafuta yako yako pale pale yanakutazama. Wenye presha na wanaokunywa vidonge vya kukojoza ndo wasijaribu kabisa.

Sasa mahamri, maana sisi hatuyaachi na sitaki mtu anambie niyaache. Nlikaa chini nikayapigia hesabu kwa mapishi yangu mwenyewe. Nusu kilo ya unga wa ngano ni kama kalori 1,800. Sukari gramu 100, karibu 400. Nusu kikombe cha tui zito, 200 na kitu. Na mafuta, nlipima mafuta kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma, mahamri yalikuwa yameyanywa kama vijiko vinne vikubwa, kila kijiko 120. Jumla inapita 2,900, na unga huo wanitolea mahamri 18. Kwa hivyo hamri moja halipungui kalori 160. Matatu ni 480, zaidi ya thuluthi ya siku yangu nzima, na bado sijagusa mbaazi wala chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Hio chai nayo, nlikuwa nanywa vikombe vinne kwa siku, vijiko 12, karibu kalori 190 za sukari tupu. Sukari nliipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, nikaongeza iliki na tangawizi, sasa nikipewa chai ya watu naiona kama sharubati.

Kwa hivyo nala hamri moja. Nalichagua lililofura vizuri, nalila polepole na mbaazi nyingi, na sahani nairudisha jikoni. Ikibaki barazani nitalila la pili bila hata kujua, najijua.

Kwenye tui pia nlibadilisha. Zamani wali nlikuwa naupika kwa tui la kwanza, na kikombe kimoja cha tui lile hakikosi kalori 400. Sasa wali wa kila siku naupika kwa tui la pili, la kwanza naliweka kwa mchuzi, vijiko viwili vitatu mwisho kabisa kabla ya kuepua, harufu yaja na ladha yaja. Mume wangu hakugundua kwa miezi miwili. Siku aliyogundua ni kwa sababu nlimwambia.

Lakini kilichonitesa zaidi ya yote ni sinia, na hili sijaona likizungumzwa popote. Wanaotoa mashauri ati kula kwa sahani ndogo, wao wanakula kila mtu na sahani yake. Sisi harusini, matangani, maulidini, tunakaa wanne watano kwenye sinia moja la biriani, na sinia halina mwisho, unakula ukuta wa wali mbele yako unaporomoka, unakula tena unaporomoka, na mkubwa kama mimi vijana wanamsukumia nyama kwa heshima, kukataa huwezi. Utajuaje umekula kiasi gani? Nlichofanya ni hiki, kabla sijaanza nachora mfereji mdogo kwa kidole kwenye wali, upana wa kiganja changu kilichokunjuliwa, ile ndo sehemu yangu. Na kula kilicho mbele yako ndo adabu tuliyofunzwa, hakuna atakayeshangaa. Nyama wakinisukumia naipokea, nala. Wali ukinibomokea kutoka ng'ambo naurudisha kwa heshima kwa jirani, "kula mwanangu, we bado wakua." Wanacheka, na mimi naendelea na kachumbari yangu.

Nyama na samaki sijinyimi, na hapa nataka wenzangu wasikie vizuri kwa sababu wengi wetu tukitaka kupungua tunakula chai na mkate tunasema tumejinyima. Ukizeeka nyama ya mwili, yaani misuli, inapungua yenyewe, baada ya 60 inapungua kwa haraka zaidi, na ukijinyima ovyo unaipunguza wewe mwenyewe juu yake. Halafu mwili wenye nyama kidogo unatumia chakula kidogo, ile nafasi yako ndogo inazidi kuwa ndogo. Wataalamu wa lishe ya wazee wanasema tupate kama gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwangu mimi ni 52 mpaka 62 (mwenye shida ya figo amuulize daktari wake kwanza, hesabu yake ni nyengine). Siku yangu ni mayai mawili asubuhi, gramu 12, kikombe cha mbaazi au kunde, 11 hivi, mchana kipande kizuri cha samaki, changu au tewa, cha gramu 150, hicho hakikosi 30, na usiku glasi ya maziwa, 8. Inatosha. Na Lamu hapa samaki hatumkosi isipokuwa kusi likichafua bahari na bei ikapanda, siku hizo nala dagaa au maharagwe na maisha yanaenda.

Kutembea nako. Baada ya swala ya Alfajiri tunatoka wanawake watatu tunashika njia ya ufukweni kuelekea Shela, kama kilomita tatu, maji yakijaa sana tunageuzia njiani. Mwanzo tulikuwa wanane, wengine walikuja kwa ajili ya umbea na umbea ulipoisha wakarudi kulala. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, sisi twazipita. Ila niseme ukweli, kutembea peke yake hakujanipunguza hata kilo moja, mtu mdogo kama mimi kilomita tatu zinachoma kalori 120, 130 tu, hamri moja halijaisha. Natembea kwa ajili ya presha na roho yangu.

Kilichonisaidia mwili kubaki na nguvu ni ngazi na chupa. Nyumba yetu ni ya zamani, vidato vya mawe vimeinuka, navipanda mara tano mfululizo mpaka darini bila kushika ukuta, siku tatu kwa wiki. Chupa mbili za lita moja nazijaza maji nazinyanyua mpaka juu ya kichwa mara kumi, napumzika, mara kumi tena. Na nasimama kutoka kwenye baraza bila kutumia mikono, mara kumi na tano, wajukuu wananihesabia na wanadanganya. Nlipokuwa na kilo 63 nlikuwa naswali kwa kiti. Sasa nimerudi kwenye mswala, nasujudu na kuinuka mwenyewe, na hilo wallahi lanifurahisha kuliko namba yoyote ya mizani.

Mizani yenyewe napanda Ijumaa asubuhi tu, kabla ya chai, na dera lile lile. Sitafuti 52 kamili, nachunga nisitoke kati ya 51 na 53. Ukila biriani usiku ukapima asubuhi utaona kilo imeongezeka, hayo ni maji ya chumvi, yaache yatoke. Lakini Ijumaa mbili zikifuatana na 53 na nusu naacha kitu kimoja, kimoja tu, mara nyingi ni vitafunio vya jioni, mpaka nirudi. Sijingojei nifike 56, kwa sababu kwangu kutoa kilo moja ni wiki sita, wifi yangu angeitoa kwa mbili.

Na chini ya 51 pia naogopa. Kwa urefu wangu uzito unaokubalika unaanza kama kilo 41 mpaka 55 na kitu, lakini mzee mwembamba sana akianguka mifupa haimsamehi. Na ukiona unapungua bila wewe kutaka, kwangu mimi ingekuwa kilo mbili na nusu ndani ya miezi sita au mwaka, hapo si pa kushukuru, ni pa kwenda hospitali.

Watu nao. "Mbona umekonda, waumwa?" "Mume akutesa?" Mwaka wa kwanza nlikuwa najieleza mpaka nachoka. Shangazi yangu mmoja alinisomea dua kabisa, kanishika kichwa katikati ya harusi. Sasa nasema alhamdulillah niko mzima nakula, na nabadilisha mazungumzo.

Mfungo Sita ukifika na wageni wa Maulidi nyumba yote inajaa, sufuria haitoki jikoni, nishakubali kwamba mwezi ule nitapanda kilo moja na nusu na nitautumia mwezi unaofuata kuirudisha. Mwaka jana nlijaribu kujizuia nikaishia kula kashata usiku peke yangu gizani kama mwizi.

Ijumaa hii mizani ilisema 52.8. Wifi bado yupo mpaka Jumapili, na kesho ameniomba nimpikie wali wa nazi "wa kweli", amesema tui la pili amelijua.