Nimetapeliwa kwa meseji: je, skrinshoti inatosha mahakamani?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nilikuwa najiandaa kulipa kodi ya nyumba, ikaingia meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la…" Nikajua ni baba mwenye nyumba, nikatuma. Nimebaki na skrinshoti. Kituoni nimeambiwa nikalete jina la mwenye laini, na kampuni ya simu imekataa kunipa. Nifanyeje, na hilo ni kosa la sheria ipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada. Kampuni haikukosea: taarifa za mteja haziachiwi mtu yeyote anayeziulizia kaunta. Anayepaswa kuzidai ni polisi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru anayeshikilia data aitoe kwa ajili ya upelelezi. Kifungu hicho kimelalamikiwa sana kwa kuwa hakidai kibali cha mahakama, na mimi naona malalamiko yana msingi. Ila kwa aliyeibiwa kama wewe ndicho msaada wenyewe. Rudi na RB yako (namba ya taarifa uliyofungua polisi), omba kuonana na mkuu wa kituo, umtajie kifungu hicho.

Kuhusu kosa, wengi hukimbilia sheria ya mtandao peke yake. Kifungu chake cha 15 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na simu imo. Lakini soma meseji yako tena: tapeli hakutaja jina la mwenye nyumba wako. Wakili wake atang'ang'ania hapo hapo. Ndiyo maana naona shitaka lililo imara zaidi ni la Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302: kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungo hadi miaka 7.

Skrinshoti haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema hivyo. Uzito wake ndio hupimwa: ilihifadhiwaje, na kuna uhakika gani kwamba haikuchezewa? Kwa hiyo meseji yenyewe usiifute, pamoja na ile ya muamala yenye namba ya kumbukumbu. Simu usiiuze wala kuifomati hadi kesi iishe, maana huenda ikahitajika kama kielelezo.

Na namba ya tapeli itume leo kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za kitapeli, ifungiwe kabla hajampata mwingine anayesubiri kulipa kodi.