Maswali yenu: Canva ya elfu tano, QR iliyokufa na faili mnazoziacha kwa watu

Maswali ya safari hii ni mengi, nimechagua yale yanayokula hela za watu. Yale ya "apu gani nzuri" nimeweka moja tu kwa niaba ya wote. Na mkiuliza niambieni basi unatumia simu au laptopu, kazi inaenda kuprintiwa au inaishia WhatsApp, bila hivyo nabaki kubahatisha na jibu halitakusaidia.

Kaka habari, apu gani ni bora kwa kutengeneza matangazo? (Morogoro)

Matangazo ya wapi? Kama ni ya status ya duka, Canva kwenye simu inatosha na utaizoea jioni moja. Kama mteja amekuletea faili la Photoshop na wewe Photoshop huna, fungua Photopea kwenye brauza, inafungua PSD bure na faili linabaki kwenye mashine yako, halipandishwi popote. Kama unataka hii iwe kazi ya kukulisha basi kaa na Inkscape ya kuchorea na GIMP ya kurekebishia picha, au Affinity ambayo Canva waliinunua 2024 na mwaka uliofuata wakaiachia bure. Hili swali linakuja kila mara na wengi wanaouliza hawajafungua hata moja ya hizo. Fungua moja, tengeneza tangazo moja mpaka liishe, halafu rudi na swali la pale ulipokwama.

Flaya nimetengeneza Canva, kwenye simu inang'aa vizuri, steshenari wameprinti A3 imetoka imefifia na maandishi yana ukungu. Mwenye steshenari anasema faili bovu, mimi nasema printa yake mbovu. Nani mkweli? (Dodoma)

Mwenye steshenari. Na naomba hili mlisome wote maana nusu ya ugomvi wa wateja na wachapaji unaanzia hapa.

Faili ulilonitumia lina pikseli 1080 kwa 1080, pikseli ni vile vinukta vinavyojenga picha, yani ulifungua templeti ya posti ya Instagram. Printa ikitaka itoe kitu safi inahitaji kama nukta 300 kwa kila inchi moja, sasa gawanya mwenyewe, 1080 kwa 300 ni inchi 3.6, sentimita 9 hivi. Hiyo ndo saizi ambayo flaya yako ingetoka safi, upana wa kiganja. Wewe umeinyoosha mpaka A3 yenye sentimita 29.7 upande ule mfupi, kila inchi imebakiwa na nukta kama 92, ukungu lazima uje. Halafu ukaituma WhatsApp kama picha, na WhatsApp ikituma picha inaibana, kwa hiyo hata zile pikseli chache ulizokuwa nazo hazikufika zote salama.

Rangi nazo ni habari nyingine. Skrini inatoa rangi kwa mwanga, printa inatoa kwa wino wa aina nne, na ile kijani ya kuwaka na bluu ya umeme mnazozipenda sana hazipo kwenye wino. Printa inachukua rangi iliyo jirani, na jirani yake huwa imepoa. Hakuna fundi atakayekurekebishia hilo, chagua rangi zilizotulia tangu mwanzo.

Fanya hivi. Kabla hujaweka hata herufi, weka saizi ya karatasi unayoendea, A4 ni milimita 210 kwa 297, A3 ni 297 kwa 420. Ukimaliza shusha ile PDF ya kuprintia, siyo JPG, kwa sababu ndani ya PDF maandishi yanabaki herufi za kweli, ukiyakuza hayavunjiki. Rangi ya nyuma iache ivuke ukingo milimita 3 kila upande, kisu cha kukatia karatasi huwa hakitui pale pale ulipochora mstari, na usipovusha utapata kile kimstari cheupe pembeni kinachofanya kazi nzima ionekane ya haraka haraka. Kisha tuma kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama dokumenti. Na omba utolewe karatasi moja uione kabla hazijatoka mia mbili, mchapaji anayekataa hilo mkimbie.

Kwa wenye steshenari mnaosoma hapa: kataeni hizi skrinishoti. Mkiprinti uchafu mteja hatamlaumu aliyetengeneza, atawasema nyie.

Kuna jamaa kwenye grupu la Telegram anauza Canva Pro, ile ya kulipia, mwaka mzima elfu tano tu. Ni salama? (Arusha)

Siyo salama na siyo halali, na inanisikitisha kwamba hawa jamaa wanauzia zaidi vijana ambao ndo kwanza wanaanza kupata wateja.

Anachokuuzia siyo akaunti. Anakupa mwaliko wa kuingia kwenye timu yake, wakati mwingine ni akaunti ya shule ambayo Canva wameitoa bure kwa ajili ya walimu na wanafunzi, yeye anaipiga bei nafasi moja moja. Funguo anazo yeye. Siku Canva wakishtuka wakaifunga, au asipolipa, au akiamua kukutoa ili nafasi yako aiuze tena, kila ulichotengeneza ukiwa ndani ya ile timu unakiacha huko huko. Kuna dada aliniandikia, anafanya ratiba za ibada na kadi za michango, asubuhi moja kafungua simu orodha ya kazi zake ni tupu. Templeti zote, logo za wateja, mpaka kadi ya send-off iliyokuwa inatakiwa jioni ile ile. Aliyemuuzia kashambloki siku nyingi, namba haipokelewi. Yule mteja wa send-off hakurudi tena.

Canva ya bure inafanya mengi kuliko watu wanavyodhani. Kama ni mwalimu wa msingi au sekondari omba ile ya walimu wewe mwenyewe kwa vielelezo vyako, ni bure. Shirika lisilo la faida lenye usajili nalo linaweza kuomba. Kama kazi zinakuingizia hela, lipia mwezi ule wenye kazi nyingi, ongeza kwenye bei ya mteja, mwezi mkavu acha kulipia.

Na hata ukilipia kihalali, tafadhali sana, shusha kazi zako. Kila kazi ikiisha weka PDF na PNG kubwa kwenye folda yenye jina la mteja, kwenye laptopu au flashi, na nakala kwenye Google Drive, wanatoa GB 15 bure. Wunderlist ilikuwa apu ya orodha za kazi inayopendwa kweli kweli, Microsoft wakainunua 2015, Mei 2020 ikafungwa. Jamboard ya Google walimu waliandikia masomo, mwisho wa 2024 nayo ikazimwa. Hizo ni kampuni kubwa na zilitoa taarifa mapema. Yule wa Telegram hatakupa taarifa.

Tuliweka QR kwenye kadi za harusi ya mdogo wangu, mtu akiskani anapelekwa kwenye ramani ya ukumbi. Wiki ya harusi ikaanza kuleta ukurasa wa kudai malipo. Kadi zimeshagawiwa zote. Kulikuwa na namna? (Tanga)

Pole sana dada. Kadi zikishatoka mikononi hakuna namna zaidi ya kulipa au kuwatumia wageni linki kwa meseji.

QR ziko za aina mbili. Ya kwanza, anwani yenyewe imeandikwa ndani ya vile viboksi, hiyo haifi, haina mwenye kuizima, iko vile vile ilivyobuniwa Japani na kampuni ya Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari. Ya pili, ndani ya viboksi kuna anwani fupi ya tovuti iliyokutengenezea, na ile tovuti ndo inampeleka mgeni kwenye ramani yako. Faida yake unaweza kubadilisha ukumbi bila kuprinti upya, lakini tovuti ikikata, kadi zote zimekufa siku moja. Nyingi zinazoandika "bure" zinakupa hii ya pili kwa siku chache za majaribio, wanajua kabisa ukishaprinti huna ujanja, utalipa tu. Mimi nauita ni mtego na sibadilishi neno.

Kuipima ni rahisi. Skani kwa kamera ya simu, usifungue, soma kwanza anwani inayotokea. Ukiona ni ya Google Maps au tovuti yako, iko salama. Ukiona jina usilolijua, achana nayo. Chrome kwenye simu inatengeneza QR ya ukurasa wowote uliofungua, Inkscape inayo ndani, Canva pia, na hizo hazina kuisha muda. Uiache na nafasi nyeupe kuizunguka, usiikandamize pembeni kwenye maua, na uskani ile iliyokwisha kuprintiwa kwa simu mbili tofauti, moja iwe ya bei rahisi.

Logo nimetengeneza kwa templeti ya Canva, naweza kuisajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara? (Mwanza)

Ile alama ya kwenye templeti, hapana. Masharti ya Canva yenyewe yanakataza kusajili kama alama ya biashara kitu ulichokitoa kwenye maktaba yao, maana kile kikombe chenye mvuke unachotumia wewe anakitumia na mwenye mgahawa Accra na mwingine Manila. Fonti na maumbo ya kawaida, mstari, duara, hayo hayana shida. Mlipe dizaina akuchoree, na akukabidhi faili la SVG, lile la mchoro unaokuzwa bila kuvunjika, pamoja na barua ya mistari miwili kwamba haki ni zako. Dizaina akikupa JPG peke yake hujamaliza kupokea mzigo wako.

Niaje, nina Trello, Notion na Google Calendar na bado deadline zinanipita. Niongeze gani? (Nairobi)

Punguza. Sehemu tatu za kuandika kazi maana yake kila asubuhi unaanza kutafuta kazi uliiandika wapi, na hizi dashibodi za Notion za rangi rangi watu wanazokopi YouTube zinakula wikendi nzima, Jumatatu inafika hakuna kilichotoka.

Fungua Google Sheets moja. Mteja, kazi, tarehe ya kukabidhi, amelipa kiasi gani, faili liko wapi. Basi. Hiyo ya mwisho ndo wengi hawaiweki, halafu mteja akirudi baada ya miezi sita anataka kubadilisha namba ya simu tu kwenye tangazo, mtu anachora upya usiku kucha. Kalenda ibaki kwa ajili ya tarehe, hizo nyingine zifunge.

Kwa kukaa kwenye kazi, dakika 25 kazi, 5 pumzika, Pomodoro wanaiita, Mwitaliano Francesco Cirillo aliianza mwishoni mwa miaka ya 1980 akitumia saa ya jikoni. Usishushe apu ya hilo, saa ya simu inatosha, ila WhatsApp iwe imezimwa kweli.

Nipo ofisi ya HR, naunganisha PDF za mishahara na vitambulisho vya wafanyakazi kwenye tovuti za bure. Kuna ubaya? (Dar)

Upo, na acha leo. Umepandisha kitambulisho na mshahara wa mtu kwenye kompyuta usiyoijua bila yeye kujua. Tovuti kubwa zinaahidi kufuta faili baada ya saa chache, hizo nyingine zinazotokea juu kabisa ukigugo hazikuahidi chochote. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na siku zikivuja hatatafutwa mwenye tovuti, utatafutwa wewe uliyepandisha. Weka PDFsam Basic kwenye kompyuta, inaunganisha na kukata PDF bila mtandao, bure. Kubadili Word kuwa PDF, LibreOffice inafanya. Dada yangu, hizo ni taarifa za watu wanaokuamini.

Nikitoa picha Google nikakata jina la mwenye nayo kuna shida?

Ni wizi. Pexels, Pixabay na Unsplash zipo na ni bure.

Nimetumia AI kutengeneza tangazo la saluni, picha nzuri ila maandishi yanatoka ya ajabu, "KALIBUNI MSUKKO". Nifanyeje? (Kigoma)

Iambie itoe picha isiyo na neno hata moja, maandishi weka mwenyewe kwenye Canva. Hizi mashine Kiswahili zimekiona kidogo, na hata neno likitoka sahihi safari hii, safari ijayo linaweza kuharibika.

Ila hukuniuliza na nakuambia. Usimweke mwanamke wa AI mwenye msuko ambao hapo saluni kwako hakuna anayeujua. Mteja atakuja na hiyo picha kwenye simu, atakaa kwenye kiti atasema nataka huu. Piga picha vichwa ulivyosuka wewe, karibu na dirisha, asubuhi, ukuta mtupu nyuma, na muombe mwenye kichwa ruhusa kwanza.

Bando likiisha nafanyia wapi kazi?

Inkscape, GIMP na LibreOffice. Zishushe usiku siku una bando, ukishaziweka haziombi mtandao tena.