Uliza Fundi: Seva Mbili Hazitimizi Akidi

Maswali mengi ya safari hii yanahusu wingu la kujijengea kwa programu huria. Tumejibu matano.

Wenzangu kazini wanasema wingu ni jina jipya la kitu cha zamani. Ni kweli? Na haya majukwaa huria yalitoka wapi? (Msomaji, Dodoma)

Ni nusu kweli. Kuigawa kompyuta moja iwe nyingi ni ufundi wa siku nyingi: IBM ilitoa VM/370 mwaka 1972, na kila mtumiaji alijiona ana mashine yake peke yake. Kipya kilikuwa namna ya kuuza. Amazon ilifungua hifadhi yake ya S3 Machi 2006, na Agosti mwaka huohuo ikaleta EC2. Unaomba seva kwa amri moja, unalipia muda uliotumia, ukimaliza unaifuta.

Upande wa huria, mlango ulifunguliwa na prosesa. Xen, programu ya kugawa kompyuta moja iwe mashine pepe nyingi (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi), ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, lakini mfumo endeshi uliotaka kukaa juu yake ulilazimika kurekebishwa kwanza. Intel walipoweka uwezo wa mashine pepe ndani ya prosesa mwaka 2005, na AMD mwaka uliofuata, kazi hiyo ya marekebisho ikaisha. Februari 2007 KVM, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, ikaingia kwenye kiini cha Linux, toleo 2.6.20, na msingi ukawa tayari kwa yeyote mwenye seva.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kikatoa Eucalyptus, jukwaa la wingu lililoiga amri za Amazon, na Madrid wakatoa OpenNebula. NASA waliijaribu Eucalyptus, haikuwatosha, wakaandika programu yao. Julai 2010 waliiunganisha na hifadhi ya kampuni ya Rackspace, na hiyo ndiyo OpenStack. CloudStack ilikuwa mali ya Citrix hadi mwaka 2012 ilipokabidhiwa wakfu wa programu huria wa Apache. Leo Eucalyptus haisikiki sana, hizo nyingine tatu zipo. Kwa maoni yetu, jambo la kwanza kuangalia kabla ya kuchagua ni nani anashika hatimiliki. Broadcom ilipoinunua VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu, wengi walijikuta wanahesabu bajeti upya.

Chuo chetu kina seva tatu zilizokwishatumika, kila moja ina RAM ya GB 64 na SSD mbili za TB 2. Tuweke OpenStack? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, isipokuwa mnataka kuifundisha. OpenStack si programu moja. Keystone hutambua watumiaji, Glance hutunza picha za mifumo, Nova huendesha mashine pepe, Neutron hushika mtandao, Cinder diski, na nyuma yao kuna RabbitMQ ya kupitishia ujumbe na hifadhidata ya MariaDB. Kimoja kikiyumba, vingine vinatoa makosa yasiyoeleweka. Inataka mtu wa kuiangalia kila siku. CloudStack ni nyepesi zaidi na inafaa mkitaka kila idara ijihudumie kwa mgao wake. Kama lengo ni kuendesha mashine ishirini au thelathini za chuo, wekeni Proxmox VE (programu ya kuendesha mashine pepe kwenye kundi la seva) pamoja na Ceph (hifadhi inayosambaza data kwenye diski za seva zote).

Kabla ya lolote, washeni uwezo wa mashine pepe kwenye BIOS. Katika Linux andika `grep -Ec 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`. Ikirudisha 0, ama umezimwa ama prosesa haina. Kisha tazameni kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane moja: Ceph inataka kuziona diski zenyewe, kwa hiyo kadi iwekwe katika hali ya kupitisha diski moja kwa moja, la sivyo ing'olewe. Na SSD ziwe za seva, zile zenye kapasita za kulinda data umeme ukikatika. SSD za kompyuta ya mezani huenda kasi dakika za mwanzo, kisha Ceph inapodai kila andiko lithibitishwe, zinalegea vibaya.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Diski sita za TB 2 ni TB 12. Ceph hutunza nakala tatu, kila seva nakala moja, zinabaki TB 4. Lakini diski moja ikifa, Ceph itajaribu kuirudisha nakala yote ya seva hiyo kwenye diski iliyobaki, ambayo ni TB 2 tu. Kwa kawaida Ceph huanza kuonya diski ikifika asilimia 85, na ikifika 95 huzuia kuandika. Kwa hiyo kiasi salama ni TB 1.7. Mkitaka zaidi, ongezeni diski ndogo nyingi kwa kila seva badala ya kubwa chache. Seva ya nne ni bora zaidi.

RAM nayo: kila diski ya Ceph hulenga GB 4, mfumo wenyewe na kazi nyingine za Ceph tengeni GB 8. Zinabaki GB 48 kwa kila seva. Msigawe GB 144 zote. Seva moja ikizimika mashine zake zinahitaji pa kwenda, basi gaweni 96.

Nina seva mbili za Proxmox. Moja ikizimika umeme, nyingine nayo inakataa kuwasha mashine. Nimeunganisha vibaya? (Msomaji, Mombasa)

Hukuunganisha vibaya. Ni suala la akidi, kama ile ya kikao. Kura ni mbili, zaidi ya nusu ni mbili, na aliyebaki ni mmoja. Seva iliyobaki haiwezi kujua kama mwenzake amezimika au ni waya tu umekatika, na zote mbili zikiandika diski ileile, data itaharibika. Ndiyo maana folda ya mipangilio, `/etc/pve`, inageuka ya kusomwa tu. Mashine zilizokuwa zinaendelea huendelea, ila mpya haziwaki.

Kwa dharura, ukiwa na uhakika ya pili imezimika kweli, andika `pvecm expected 1`. Dawa ya kudumu ni kura ya tatu. Tafuta kompyuta yoyote ndogo yenye Debian, hata Raspberry Pi, uweke `corosync-qnetd`, programu inayotoa kura hiyo. Kwenye seva zote mbili weka `corosync-qdevice`, kisha kwenye mojawapo andika `pvecm qdevice setup` ukifuatisha anwani ya IP ya ile ndogo. Usiichomeke kwenye umeme wa seva mojawapo, maana zitazimika pamoja na utarudi pale pale.

Mashine zetu za OpenStack zinajibu ping, SSH inaingia, lakini kontena ya Docker (kisanduku cha kuendeshea programu) ikipakua faili kubwa inaganda. Tumebadilisha DNS mara tatu. (Msomaji, Nairobi)

Iacheni DNS. Dalili ya vitu vidogo kupita na vikubwa kuganda ni ya MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoruhusiwa kupita. Mtandao wa VXLAN, unaofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine, huongeza baiti 50 juu ya kila pakiti, hivyo kwenye waya wa 1500 mashine pepe hupewa 1450. Docker ndani yake haijui hilo na hutumia 1500. Jaribuni `ping -M do -s 1422` kwenda anwani ya nje: 1422 na baiti 28 za vichwa ni 1450. Ikipita, na 1472 ikakataa, mmempata mchawi.

Wekeni `"mtu": 1450` kwenye `/etc/docker/daemon.json` na kuwasha Docker upya. Angalizo: mpangilio huo unagusa mtandao wa msingi wa Docker pekee. Mitandao inayoundwa na Compose, chombo cha Docker cha kuwasha kontena nyingi pamoja, inahitaji `com.docker.network.driver.mtu` kwa kila mmoja. Kama swichi ni zenu, njia safi ni kupandisha MTU ya waya hadi 1550 au zaidi kwenye kila swichi na kila seva, bila kuruka hata mlango mmoja, kisha kuiarifu Neutron.

Ceph ina nakala tatu. Bado nahitaji nakala rudufu? (Msomaji, Zanzibar)

Unahitaji. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, Ceph inalifuta mara tatu kwa uaminifu kabisa. Weka Proxmox Backup Server kwenye mashine nyingine, jengo jingine ikiwezekana, na kila mwezi jaribu kurudisha mashine moja hadi iwake.