Uwanja wa mtaa umezungushiwa mabati: muanzie wapi?

Dada, umeuliza nani mwenye jukumu la uwanja wa watoto wa mtaani kwenu Nairobi, uliozungushiwa mabati usiku. Ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti bustani na viwanja vya burudani, pamoja na upangaji wenyewe.

Nendeni ofisi ya mipango ya kaunti na ramani ya mtaa inayoonyesha kiwanja cha umma. Ulizeni kwa barua kama kuna ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, ipelekeni Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tafadhali msisubiri msingi uchimbwe.