Maswali yenu: Ligi ya Komoro, visiwa vitatu na bingwa mmoja

Maswali ya soka la Komoro yamerundikana, na mengi yanahusu timu ya taifa. Hiyo nitaigusa. Lakini leo nataka tukae zaidi kwenye ligi ya nyumbani, ambayo wengi wetu hatumjui hata bingwa wake.

Nchi ni visiwa. Timu zinasafirije kila wiki kwenda ugenini? (Msomaji, Tanga)

Hazisafiri, ndugu yangu. Kwa desturi kila kisiwa kina ligi yake: Ngazija, Nzuani na Mwali. Timu ya Iconi inakutana na za Moroni, Mitsoudjé na Mitsamiouli, zote ndani ya Ngazija, ambako gari la abiria linatosha. Ligi za visiwa zikimalizika, mabingwa wake ndio hukutana kumtafuta bingwa wa taifa, na huyo ndiye hupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Sababu kubwa ni nauli. Kutoka kisiwa hadi kisiwa ni boti au ndege ndogo, na klabu hizi si za matajiri wala za makampuni. Ni za miji na vijiji. Coin Nord, moja ya klabu zenye mataji mengi, ni ya Mitsamiouli, kaskazini mwa Ngazija. Ngaya ni ya Mdé, Djabal ni ya Iconi, Elan ni ya Mitsoudjé. Nzuani kuna Etoile d'Or ya Mirontsy na Komorozine ya Domoni. Mtu hachagui timu, anazaliwa nayo, na akihamia Marseille bado ni mtu wa mji wake. Kwa hiyo mechi ya vijiji viwili jirani inaweza kuwa na joto kuliko fainali yenyewe. Aliyewahi kusimama pembeni mwa uwanja kwenye mechi ya ndondo Dar anajua ninachosema.

Lakini bingwa wa nchi kwa mechi mbili tatu, hiyo ni haki? (Mombasa)

Kimpira, si haki sana. Timu inaweza kutawala kisiwa chake msimu mzima, ikakutana na siku mbaya moja, basi.

Hata hivyo nisingependa mfumo huu ufutwe. Fikiria ligi moja ya taifa yenye timu kumi na mbili: Ngazija, yenye watu wengi na mji mkuu, ingejaza nafasi nyingi, Nzuani ikapata zake, na Mwali ikabaki na moja au isiwe nayo kabisa. Mwali ni kisiwa kidogo mno, lakini Fomboni ya huko imewahi kuwa bingwa wa Komoro. Mlango huo ukifungwa, nani atawaambia vijana wa Mwali kwamba ubingwa huo ni wao pia? Na hii ni nchi ambayo mwaka 1997 Nzuani na Mwali zilitangaza kujitenga. Kugawana nafasi kwa visiwa ni jambo zito huko.

Ningepewa sauti, ningeongeza mechi za mwisho: timu mbili kutoka kila kisiwa, nyumbani na ugenini. Gharama ingepanda, ndiyo, lakini si ya msimu mzima.

Mbona kila tukikutana nao tunawafunga? (Mwananchi, Dar es Salaam)

Raha yako naiona. Mwaka 2014 Yanga iliitandika Komorozine 7-0, kisha 5-2. Mwaka 2017 ikaifunga Ngaya 5-1 ugenini, ila marudiano Dar yakaisha 1-1, na siku ile sikumbuki kelele nyingi Jangwani, kwenye makao ya Yanga.

Tofauti ni kazi ya kila siku. Mchezaji wa Yanga analipwa acheze mpira, na kabla ya kukutana na mgeni yeyote ameshapita kwenye mechi nyingi ngumu za ligi. Wa Komoro mara nyingi si wa kulipwa, na kwa mwaka mzima amecheza na watu walewale wa kisiwa kimoja. Mechi yake ya kwanza dhidi ya wageni ndiyo hiyo ya Afrika. Hapo hata kipaji kinapigwa na mshangao.

Ile AFCON walipomweka beki golini, hakukuwa na kipa kwenye ligi ya nyumbani? (Muscat)

Walikuwepo makipa, bila shaka. Lakini orodha ilishafungwa. Januari 2022 Komoro iliifunga Ghana 3-2 na kuingia hatua ya 16 bora. Kufikia siku ya kukutana na Kameruni, makipa wote watatu walikuwa nje kwa majeraha au Uviko, akiwemo Ali Ahamada aliyekuwa amekutwa na Uviko. Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, akavaa jezi ya kipa yenye namba 3 iliyobandikwa kwa utepe. Komoro ikapata kadi nyekundu mapema, ikafungwa 2-1 tu, na Youssouf M'Changama akapiga ile faulo ambayo bado naitazama.

Kilicho nyuma ya swali lako ni kikubwa zaidi. Kikosi kile kilijengwa na watoto wa Wakomoro waliokulia Ufaransa. Kipa Salim Ben Boina kazaliwa Marseille, Ahamada kazaliwa Martigues. Kwa hiyo mtu asipime ligi kwa timu ya taifa. Kipimo cha ligi ni CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika ambako anachezeshwa wa nyumbani peke yake. Agosti 2025 ilipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, Komoro haikuwepo. Majirani zao Madagaska walikuwepo, wakafika fainali Nairobi na kufungwa 3-2 na Moroko. Nao ni watu wa kisiwa.

Si sawa na sisi Unguja na Pemba? (Zanzibar)

Karibu sawa. Nanyi mliwahi kuwa na ligi ya Unguja na ya Pemba, kisha Nane Bora. Tofauti ni kwamba Komoro iko FIFA tangu 2005, nanyi CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliwapa uanachama kamili Machi 2017 ikawanyang'anya Julai mwaka huohuo.

Na timu za Maore? (Msomaji, Lamu)

Hazimo. Maore (Mayotte), kisiwa cha nne cha huko, iko chini ya Ufaransa, na klabu zake huwania Kombe la Ufaransa.

Kwa nini hatuwaoni CECAFA? (Kigoma)

CECAFA ni ya Afrika Mashariki na Kati, nao ni wanachama wa COSAFA, kundi la kusini. Ukitaka kuwaona, tazama huko.