Kabla Hujalipia Kadi ya Zamani Luthuli

Wewe unayeanza kazi ya kufufua mashine za ex-UK, yaani kompyuta zilizokwisha kutumika Uingereza, usinunue kadi ya michoro kwa jina lililoandikwa kwenye ganda lake. Uliza chipu iliyo ndani ni ya kizazi gani, kwa maana draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, hufuata chipu.

Chukua kadi mbili za NVIDIA, Quadro K600 na Quadro K620. Ukizikuta zimelazwa kwenye kaunta moja Luthuli Avenue, Nairobi, utadhani ni mtu na mdogo wake. Kumbe K600 ni ya kizazi cha Kepler na K620 ni ya kizazi cha Maxwell. Tawi la 470, yaani mfululizo wa matoleo, la draiva funge ya NVIDIA (ile ambayo msimbo wake kampuni haiuachii wazi), la mwisho kuhudumia Kepler, lilikoma kupata marekebisho mwaka 2024. Maxwell ilifikishwa hadi tawi la 580. Tarakimu moja tu kwenye jina, na mteja wako mmoja kashaachwa njiani.

Beba flashi yenye Linux. Washa mashine hapo hapo dukani, fungua terminali, andika lspci -nnk. Utaona GK107 (Kepler) au GM107 (Maxwell), na chini yake draiva ambayo kerneli, kiini cha Linux, inaitumia. Ni dakika chache tu. Muuzaji akikataa, mimi huenda duka la pili.

Draiva funge ikishakufa, kinachobaki kwa kadi hizi ni Nouveau, draiva huria ya Linux. Imo ndani ya kerneli tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010, na walioianzisha waliichunguza kadi hatua kwa hatua bila kupewa vitabu vyake. Nawaheshimu sana watu hao. Bila wao mashine nyingi ninazozitengeneza zingekuwa vyuma chakavu. Lakini Nouveau huiacha kadi ya Kepler katika mwendo ule ule wa kuwakia, na hapo wageni wengi hukata tamaa mapema. Ingia kama root (msimamizi mkuu wa mashine), soma faili /sys/kernel/debug/dri/0/pstate. Utaona viwango vya mwendo, mara nyingi kuanzia 07 hadi 0f. Andika 0f ndani ya faili hiyo. Nilipofanya hivyo kwenye K2000 mara ya kwanza, mchoro wa nyumba uliokuwa ukikwama kila nikiuzungusha ulianza kufuata mkono. Ukizima mashine kiwango hurudi chini, basi kiwekee skripti.

Kwa kizazi cha Fermi kilichotangulia Kepler, mfano Quadro 600 na 2000, usitegemee hilo. Kadi hizo ni za barua, hesabu na video nyepesi, na mteja aambiwe mapema kabla hajatoa pesa. Quadro M2000 nayo imefungwa kwa fimwea (programu ya ndani ya kadi) yenye saini ya NVIDIA, kwa hiyo Nouveau haiwezi kuipandisha mwendo.

Upande wa AMD una nafuu, kwani kampuni ilianza kutoa nyaraka za chipu zake mwaka 2007. Kwenye kerneli za zamani, kadi yao ya FirePro W5000 huwaka yenyewe kwa draiva ya radeon. Ukitaka Vulkan, njia mpya ya programu kuchora kwa kadi, ihamishie kwenye draiva ya amdgpu: ongeza radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1 kwenye mstari wa kuwashia kerneli hizo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwa mwanafunzi wa usanifu majengo. Nilimwekea draiva funge ya zamani kwenye kadi ya Fermi, kisha nikaapdeti kerneli Ijumaa jioni bila kuijaribu. Moduli, kipande cha draiva kinachoingia ndani ya kerneli, ilikataa kujengwa, skrini ikawa nyeusi, na kazi yake ilitakiwa Jumatatu. Nilirudi kerneli ya awali kupitia GRUB, menyu inayotokea mashine ikiwaka, nikaiondoa draiva, lakini picha ikabaki kubwa na yenye ukungu. Nilihangaika hadi usiku wa manane ndipo nikagundua kuwa faili moja ndani ya /etc/modprobe.d ilikuwa bado inaizuia Nouveau. Nikaifuta, nikajenga upya initramfs (furushi la faili ambalo kerneli hulisoma kwanza inapowaka), picha ikanyooka.

Tangu siku hiyo kila mashine inayotoka mikononi mwangu ina karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko: chipu, draiva, na kerneli ya mwisho niliyoiona ikifanya kazi.