Mdogo wangu, kabla hujalipia PLAB

Daktari kijana aliyemaliza intern Kanda ya Ziwa, anayetaka kufanya PLAB, yaani mtihani wa madaktari waliosomea nje wanaotaka kufanya kazi Uingereza, ameniandikia huku Uingereza maswali matatu. Je, ni kweli daktari wa dharura analipwa vizuri Uingereza? Kwa nini niliacha emejensi, yaani idara ya dharura, nikaingia afya ya wafanyakazi, au "kupima masikio ya mafundi" kama ndugu zangu wanavyoita? Na je, nitarudi? Namjibu waziwazi kwa kuwa wanaoniuliza ni wengi, na majibu mengi wanayopata yanatoka kwa watu wenye kitu cha kuuza.

Tuanze na hao wauzaji. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza imejiwekea utaratibu wa kutozifuata nchi hizo kuwashawishi madaktari wao. Kuomba mwenyewe unaruhusiwa. Kwa hiyo wakala anayekupigia simu na kutaka umlipe ili "akuunganishe na hospitali", achana naye. Njia iko wazi na haina siri: mtihani wa Kiingereza, yaani IELTS au OET, PLAB ya kwanza, maswali 180 kwa saa tatu, PLAB ya pili, ambayo lazima uifuate Manchester, vituo 16 vya kupimwa kwa vitendo, dakika nane nane kila kimoja, kisha usajili wa GMC, baraza la madaktari la huku. Ada, visa, tiketi na chumba vyote unavilipa kwa pauni huku ukipokea mshahara wa shilingi.

Halafu elewa kwamba usajili si ajira. Miaka ya karibuni kuna waliofaulu mitihani yote wakakaa miezi na miezi wakituma maombi bila kuitwa hata usaili. Mwaka 2025 serikali ya huku ilitangaza kuwa nafasi za kusomea ubingwa zitawapa kipaumbele wahitimu wa vyuo vya humu ndani. Mimi nilikuja wakati mlango uko wazi zaidi, kwa hiyo usikope fedha za ukoo kwa kutazama maisha yangu.

Kazi ya emejensi yenyewe nimeifanya kwa miaka na ninaiheshimu. Mgonjwa wa ajali anapata CT muda mfupi baada ya kufika, damu ipo, dawa zipo, na hakuna ndugu anayetumwa dukani kununua kanula. Ukitoka tulikotoka, utamu wa kufanya kazi hivyo hauelezeki. Lakini kuna upande ambao picha za facebook hazionyeshi. Lengo la hapa ni kwamba wagonjwa 95 kati ya 100 wahudumiwe na kuruhusiwa au kulazwa ndani ya saa nne, na kitaifa halijafikiwa tangu 2015. Vitanda vya wodini vimejaa, kwa hiyo emejensi inageuka wodi na korido inageuka emejensi. Nimemchukulia historia bibi wa miaka tisini akiwa kwenye machela ukutani, chini ya kibao cha mlango wa moto, nikimuuliza habari za choo chake huku watu wakipita na vikombe vya kahawa. Alijibu kwa kunong'ona. Asubuhi namaliza zamu, yeye bado yuko palepale. Wapo pia wagonjwa wanaomtaka "daktari mwingine" mara wakiona ngozi yako. Si wengi, ila wapo, na inauma kila mara.

Mshahara? Unatosha kuishi na kutuma kidogo nyumbani. Kinachozidi pauni 50,270 kwa mwaka kinakatwa kodi ya asilimia 40. Kuna kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, na ada ya chekechea, ambayo inaweza kumeza karibu mshahara wa mzazi mmoja. Acha kuzidisha pauni kwa shilingi, kwa sababu matumizi nayo ni ya pauni.

Sasa hilo la masikio. Ndiyo, tunayapima, kwa kuwa mashine za kiwandani zinaua usikivu polepole na ukishapotea haurudi. Lakini kilichonihamisha ni mgonjwa wa aina niliyekuwa nikikutana naye emejensi mara kwa mara: mtu mzima anabanwa kifua usiku, tunampa nebulaiza na steroidi, anapata nafuu, tunamruhusu, anarudi tena. Wa namna hiyo nilimpata baadaye kliniki, mwokaji mikate. Nilimpa kifaa cha kupuliza na karatasi ya kuandika namba kila baada ya saa chache, siku za kazi na za mapumziko, kwa wiki kadhaa. Alipozileta, mstari ulikuwa unashuka Jumatatu, unazidi kushuka hadi Ijumaa, unapanda akiwa nyumbani. Ilikuwa pumu ya vumbi la unga. Pampu alizopewa zilikuwa sahihi kabisa, ila hakuna aliyemuuliza ugonjwa unalegea siku gani.

Na hapo kazi ndiyo inaanza, maana huwezi kumwambia baba wa watoto watatu aache kazi halafu ukafunga faili. Unazungumza na mwajiri kuhusu feni za kuvuta vumbi, kumhamishia upakiaji, vipimo vya wenzake. Mwajiri haoni faili la mgonjwa. Anapata maoni tu: anaweza kazi gani, hawezi ipi, kibadilishwe nini. Kampuni ndiyo inayokulipa, na bado unasimama upande wa mapafu ya mfanyakazi. Hilo linahitaji moyo kuliko watu wanavyodhani.

Nyumbani sheria tunazo. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ni ya 2003, wakala wa serikali wa kuisimamia, OSHA, upo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Lakini fidia haitoki bila daktari kuandika kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Wachimbaji wa Mirerani wanaotibiwa kifua kikuu hospitali ya Kibong'oto wamevuta vumbi la mawe, yaani silika, miaka mingi, na silika inayakaribisha maambukizi hayo mapafuni. Ukimtibu TB ukamrudisha shimoni kwenye vumbi lilelile, umetibu nini? Na wengi wao ni wachimbaji wadogo wasio na mwajiri wa kuwachangia kwenye mfuko huo. Swali hilo linaninyima usingizi kuliko zamu yoyote ya usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama unataka dharura, huna haja ya kuja huku kuwa bingwa. Muhimbili walifungua idara kamili ya dharura 2010, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo Muhimbili, wanafundisha ubingwa huo tangu wakati huo. Omba hapo kwanza. Kama ni afya ya wafanyakazi, nafasi za mafunzo huku ni chache na ni miaka minne juu ya ile ya msingi, lakini popote ulipo unaweza kuanza kesho: kila mwenye kikohozi, mgongo au vipele, muulize anafanya kazi gani, kwa miaka mingapi, na wenzake wanaumwa nini. Andika kwenye faili.

Kurudi, nataka. Nataka kliniki karibu na migodi, Geita au Simanjiro. Mwaka siwezi kukutajia, kwa sababu mtihani wangu wa mwisho wa ubingwa bado, mtoto yuko katikati ya shule, na mume wangu ana ajira yake hapa ambayo naye hajaamua kuiacha.